Risasi Moja, Mara Sitini

*Mwongozo wa mpiga bastola wa shabaha, kwa wasomaji wa Mbeya na Iringa*

Kila anayeanza kupenda shabaha ya bastola huishia kwenye swali lile lile: mbona wenzetu Marekani wanajaza risasi zao wenyewe mezani nyumbani, kwa nini mimi nisijaze zangu? Ameona video. Ameona mzani mdogo wa baruti, mashine ya mkono inayobana ganda, na jamaa anayejisifu kwamba risasi zake zote zinafanana kama mapacha. Anaondoka akiamini siri ya shabaha iko pale mezani.

Anayejaza risasi kwa mkono anatafuta jambo moja tu, kwamba risasi ya 60 ifanane na ya kwanza. Mpiga shabaha naye anatafuta hilo hilo, ila kwake kinachotakiwa kufanana ni mkono, jicho, pumzi na kidole. Kwetu njia ya kwanza imezibwa na sheria, na imezibwa kwa sababu nzuri. Njia ya pili iko wazi, haina gharama, na ndiyo inayoleta alama nyingi zaidi.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni halali ya bastola anayetaka kuitumia kimichezo, na wa kijana aliyeonja shabaha akiwa kuruta JKT Mafinga au Itende akatamani kuendelea. Kwa huyu wa pili, neno moja mapema: ulichojifunza kwa bunduki kitakusaidia nusu. Bunduki hupumzika begani. Bastola haina pa kuegemea ila viganja vyako, kwa hiyo kila kosa la mkono linaonekana kwenye karatasi.

## Kwanza hesabu, ndipo uone pa kuweka nguvu

Chukua bastola ya kawaida ya milimita 9. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi kilengeo cha mbele, ile nundu iliyo karibu na mdomo wa mtutu, ni kama sentimita 16.

> SANDUKU LA HESABU
>
> Kosa la mkono. Kilengeo cha mbele kikihama milimita 1 tu wakati unavuta kifyatulio:
> - kwenye mita 10, risasi inakosea kwa sentimita 6 hivi;
> - kwenye mita 25, inakosea kwa karibu sentimita 16.
>
> Kosa la risasi. Risasi moja ikitoka kwa mita 350 kwa sekunde na nyingine kwa mita 340, kwenye mita 25 mvuto wa dunia utazitenganisha kwa milimita 1.5 hivi.
>
> Kosa la mkono ni takriban mara 100 ya kosa la risasi.

Hiyo ndiyo sababu mwanamichezo anayeanza hana haja ya mashine ya kujaza risasi. Ana haja ya kidole kisichotikisa ile milimita moja.

Tazama pia kinachodaiwa kwenye mashindano makubwa. Kwenye bastola ya upepo ya mita 10, mchezo wa Olimpiki unaosimamiwa na shirikisho la kimataifa la ISSF, mchezaji hupiga mara 60 ndani ya dakika 75, kwa mkono mmoja, akiwa amesimama. Duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5, karibu sawa na punje ya hindi lililonona. Hakuna anayepiga punje hiyo mara 60 kwa bahati. Anajifunza kupiga mara moja vizuri, kisha anairudia mara hiyo moja bila kubadili chochote.

## Risasi: mbona usijaze nyumbani

Risasi moja ina vitu vinne: ganda, baruti ndani yake, kichwa kilichobanwa mbele, na praima, kile kidude cha duara kwenye kitako kinachofanya kazi ya kiberiti. Pini ya bastola inagonga praima, praima inawasha baruti, gesi inasukuma kichwa. Katika risasi ya milimita 9, mgandamizo unaoruhusiwa unafika hadi baa 2,350. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu. Kwa hiyo kila unapofyatua, unashika mkononi mgandamizo wa takriban mara 1,000 ya ule wa tairi, na kinachokukinga ni chuma chenye unene wa milimita chache.

Sasa fikiria kosa dogo la mezani. Baruti ya bastola mara nyingi haijazi hata nusu ya ganda, kwa hiyo ukipitiwa ukamimina mara mbili, kipimo cha pili kinaingia vizuri na hakuna kinachokugutusha. Risasi hiyo kwa nje ni sawa na nyenzake. Itajitambulisha siku ya kufyatua, usoni pako.

Ukanda wetu unalijua jambo hili kupitia magobore, yanayomiminiwa baruti mdomoni kwa makadirio ya kiganja. Gobore linaweza kumpasukia mtu mkononi hata kama amelitumia miaka yote.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeweka utengenezaji wa silaha na risasi chini ya kibali maalumu. Leseni ya kumiliki bastola ni ya kumiliki bastola. Haikufanyi kuwa kiwanda.

Badala ya kujaza, fanya haya kwa risasi unazonunua:

1. Nunua toleo moja. Kwa muuzaji mwenye leseni, tazama namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi. Maboksi ya namba moja yametoka mkupuo mmoja kiwandani. Huu ndio ule ufanano ambao wajazaji wa mkono wanauhangaikia, na wewe umeupata kwa kusoma boksi tu.
2. Usizidishe idadi. Soma leseni yako. Kama imetaja idadi ya risasi, hicho ndicho kikomo.
3. Kagua moja moja. Praima iwe imezama sawa na kitako. Ganda lisiwe na ufa wala kutu ya kijani. Kichwa kisiwe kimedidimia ndani wala kuchezacheza.
4. Usiirudishe chemba risasi ile ile kila siku. Kila inapoingia chemba, kichwa chake kinagongwa na kusukumwa ndani kidogo, na kichwa kilichodidimia kinaongeza mgandamizo. Itenge.
5. Usipake risasi mafuta. Mafuta ya bastola hupenya hadi kwenye praima, na risasi inagoma.
6. Ziache kwenye boksi lake. Risasi zilizochanganywa kwenye mfuko wa nailoni zimepoteza historia yake.
7. Hesabu maganda. Yaliyopigwa yalingane na yaliyotoka boksini. Ganda si kichezeo cha mtoto, wala si kishikio cha funguo.

> ONYO
>
> Ukikuta gobore au risasi za zamani darini kwa marehemu babu, usizijaribu na usizisafishe. Usizibebe kwenye begi kuzipeleka mjini. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kituo cha polisi, nao wazifuate zilipo. Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha silaha kwa hiari. Uliza kama kipo kilichotangazwa.

## Kanuni nne zisizo na likizo

Wapiga shabaha wa dunia nzima wanazijua kanuni hizi. Ziko nne ili moja ikikuponyoka, nyingine imwokoe mtu.

1. Kila bastola ina risasi mpaka uikague mwenyewe kwa jicho na kwa kidole. Hata kama aliyekupa amekagua mbele yako, kagua tena. Hilo si dharau kwake. Ndiyo adabu ya mchezo.
2. Mdomo wa mtutu usielekee chochote ambacho huko tayari kukiharibu, pamoja na mguu wako mwenyewe.
3. Kidole nje ya kifyatulio (triga) mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha. Kiweke kimenyooka ubavuni mwa bastola. Mtu akijikwaa au akishtuka, vidole hujikunja vyenyewe, na kilichoko kwenye triga kitavuta.
4. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Risasi ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu.

Kanuni ya nne ndiyo inayovunjwa zaidi na watu wa milimani. Korongo linaonekana tupu, msitu unaonekana hauna mtu. Lakini kwenye misonobari ya Sao Hill kuna wagema utomvu na wakata magogo, na kwenye makorongo ya Mbeya kuna wachungaji na wanawake wanaotafuta kuni. Usiende kujaribu bastola porini. Viwanja vya majeshi vina utaratibu wake na raia haingii bila ruhusa. Mwandikie mkuu wa polisi wa wilaya, eleza unataka kufanya shabaha kama mchezo, uelekezwe mahali panaporuhusiwa. Kwa upande wa michezo, mtafute Afisa Michezo wa halmashauri yako akueleze taratibu za Baraza la Michezo la Taifa kabla ya kuunda klabu. Wenzetu Kenya wana uwanja wa Kirigiti, Kiambu, ambako raia wenye leseni hukutana na kushindana chini ya wasimamizi. Walifika hapo kwa kujipanga katika chama.

## Mazoezi makavu: shule yako ya kila siku

Mazoezi makavu ni kufyatua bastola tupu. Hakuna risasi, hakuna mlio wala gharama. Yana faida ambayo risasi za moto haziwezi kukupa. Mlio na teke la bastola huficha kosa, kwa sababu hujui mkono ulitikisika kabla au baada. Bastola tupu haifichi. Kilengeo kikiruka pini inapogonga, umekiona.

Andaa chumba

- Chagua ukuta mnene wa matofali ya kuchoma usio na chumba wala njia nyuma yake. Ukuta wa mbao au udongo mwembamba haufai. Ukiweza, weka magunia ya mchanga mbele yake.
- Chora duara jeusi lenye upana wa milimita 18, ulibandike usawa wa jicho, kisha simama mita 3. Jicho lako litaliona kama lile duara jeusi la bastola ya upepo likiwa mita 10.
- Watu wa nyumbani wajue unachofanya. Watoto wasiwepo.

Hatua

1. Toa magazini. Koki mara tatu. Tazama chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe ni tupu.
2. Peleka risasi zote chumba kingine na ufunge mlango. Hata iliyo mfukoni. Hata moja.
3. Kagua bastola mara ya pili.
4. Sema kwa sauti: "Naanza mazoezi makavu."
5. Fyatua mara 20 hadi 30, kwa dakika 15, usizidishe. Ukichoka unaanza kujifundisha makosa.
6. Bandua ile shabaha ukutani. Sema kwa sauti: "Mazoezi yameisha." Funga bastola kwenye kasha.

Hatua ya 6 ndiyo inayookoa watu. Hatari kubwa ya mazoezi makavu huja baada ya kumaliza, pale mtu anaporudisha risasi, kisha anasema "ngoja moja ya mwisho." Ukibandua shabaha, umeifuta hiyo ya mwisho.

> ONYO: "RISASI BARIDI" SI RISASI TUPU
>
> Risasi baridi, zile za kwenye gwaride na maigizo, zina praima na baruti, na kwa karibu zinaweza kujeruhi au kuua. Kwa mazoezi makavu tumia risasi bandia za plastiki au alumini zisizo na praima wala baruti, zenye rangi inayoonekana kwa mbali. Na kama bastola yako ni ya .22, soma kwanza kitabu chake. Nyingi za aina hiyo pini yake huharibika zikifyatuliwa bila kitu chemba.

## Mlio mmoja, hatua saba

Huu ndio moyo wa mwongozo. Zikariri hatua hizi kwa mpangilio huu, na usiubadilishe siku ya mashindano eti kwa sababu mwenzako anafanya vingine.

1. Miguu. Panua kama upana wa mabega. Inua bastola ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Kama imeelekea pembeni ya shabaha, sogeza miguu, usipinde mkono. Mkono uliopindwa utarudi kwao wakati wa kufyatua.
2. Mshiko. Kiganja kipande juu ya mpini kadiri inavyowezekana bila kugusa slaidi. Bana kama unavyompa mtu mkono kwa furaha, si kama unayekamua nguo. Ukishaupata mshiko, usiurekebishe mpaka umalize.
3. Pumzi. Vuta, toa, vuta, toa nusu, simamisha.
4. Jicho. Litazame jicho la mbele la bastola, yaani kilengeo cha mbele, mpaka uone kingo zake. Shabaha iachie iwe na ukungu. Jicho haliwezi kuona vizuri vitu vitatu kwa umbali tofauti, na ile milimita 1 ya kwenye hesabu iko kwenye kilengeo.
5. Kidole. Ongeza uzito kwenye kifyatulio polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma. Bastola itayumba kidogo, kila mkono wa binadamu huyumba. Usisubiri itulie kisha ukavuta ghafla. Kubali yumbo hilo na uendelee kuongeza.
6. Kushusha. Sekunde 8 zikipita bila kufyatua, shusha. Pumua. Anza hatua ya kwanza. Kushusha si kushindwa. Mlio uliolazimishwa ndio unaopoteza alama.
7. Kubaki. Baada ya kufyatua, endelea kutazama kilengeo kwa sekunde 2. Jiulize kilikuwa wapi kilipopotea. Taja mahali risasi ilipokwenda kabla ya kutazama karatasi.

Mashindano ya bastola ya ISSF ni ya mkono mmoja. Ya kupiga ukitembea, kama IPSC na IDPA, huruhusu miwili. Mpangilio ni ule ule.

## Siku ya risasi za moto

Ruhusa unayo, uwanja umepewa, msimamizi yupo. Vaa miwani na vizibo vya masikio kabla ya mtu yeyote kufyatua. Neno la msimamizi ndilo la mwisho, hata kama una cheo nje ya uwanja.

Risasi ikigoma

1. Usiangalie ndani ya mtutu. Mdomo ubaki unaelekea shabaha.
2. Hesabu sekunde 30 kamili. Praima mbovu huweza kuchelewa kisha ikawaka.
3. Inua mkono usiotumia, mwite msimamizi.
4. Toa magazini, toa risasi, itenge kwenye kopo lake. Usiirudie.

Mlio ukiwa dhaifu, "pu" badala ya "pa"

Simama hapo hapo, usipige nyingine. Huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itakikuta njiani na kupasua bastola. Wengi huumia hapa kwa sababu mkono umezoea kukoki na kuendelea. Lifanye hili liwe zoea lako: mlio usio wa kawaida, kidole nje.

Zoezi la kufichua woga. Mwombe mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi za moto na bandia bila wewe kujua mpangilio. Ukifika kwenye ile bandia, bastola haitalia. Kama mdomo wa mtutu umezama chini, umeona kwa macho yako unavyoushtukia mlio kabla haujaja. Karibu kila mtu hucheka mara ya kwanza. Dawa yake ni mazoezi makavu ya wiki nzima.

## Karatasi inasema nini

Piga mara 5 kwenye shabaha moja bila kurekebisha kitu, kisha soma. Maelezo haya ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

| Unachokiona | Kosa linalowezekana | Dawa |
|---|---|---|
| Zote chini kushoto | Unavuta triga kwa kunyakua, vidole vingine vinabana pamoja | Mazoezi makavu, ukitazama kilengeo pini inapogonga |
| Zimepangana wima | Pumzi au jicho kuhama | Rudia hatua ya 3 na ya 4 |
| Zimesambaa kulia na kushoto | Mshiko unabadilika kila mara | Hesabu: mshiko mmoja, milio mitano |
| Zimekusanyika, lakini pembeni | Vilengeo au msimamo wa miguu | Kagua miguu kwanza, vilengeo mwisho |
| Zimetapakaa kote | Unatazama shabaha badala ya kilengeo | Pindua karatasi, piga upande mweupe |

Makosa ya kawaida

- *Kulaumu hewa ya milimani.* Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kweli. Kwenye mita 10 au 25 tofauti hiyo haionekani kwenye karatasi. Ukitokea Dar utahema zaidi, basi pumzika. Usiguse vilengeo.
- *Kurekebisha vilengeo baada ya risasi moja.* Risasi moja haisemi kitu. Subiri tano, afadhali kumi.
- *Kutafuta kasi mapema.* Kasi ni usahihi uliokwisha kuzoeleka.
- *Kubadilisha bastola badala ya mazoea.* Mshiko mbaya utahama nao.

## Baridi, ukungu na sumu ya risasi

Baridi. Asubuhi za Juni na Julai Uyole au Mafinga vidole hufa ganzi, na kidole chenye ganzi hakihisi uzito wa triga. Pasha mikono joto dakika kumi kabla. Kama huwezi kuhisi kona ya kifyatulio, hiyo si siku ya kupiga.

Unyevu. Ukiingiza bastola yenye baridi kwenye chumba chenye jiko, inatoka jasho kama chupa ya soda. Iache kwenye begi lake dakika 30 ipate joto taratibu, kisha ifute na kuipaka mafuta kidogo. Masika weka kasha mbali na sakafu na ukuta unaovuja unyevu.

Madini ya risasi. Lugha yetu imekwisha kutuonya: risasi ya bastola na madini ya risasi ni jina moja. Vumbi lake hutoka kwenye praima na kichwa, hukaa mikononi na kwenye nguo, na huwadhuru zaidi watoto kwenye ubongo. Usile wala kuvuta sigara uwanjani. Nawa kwa maji baridi na sabuni, uso pia. Badilisha shati kabla ya kumbeba mtoto. Na kamwe usiyeyushe vichwa vya risasi au betri kuukuu kwenye sufuria, hata ile isiyotumika tena.

Njiani. Usiweke bastola wala risasi kwenye buti la basi. Usivuke nayo Tunduma wala Kasumulu bila vibali vya nchi zote mbili. Pekua begi kabla ya safari yoyote, maana risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni inatosha kukulaza mahabusu.

## Ratiba ya wiki nane

| Wiki | Makavu (siku 5 kwa wiki) | Risasi za moto |
|---|---|---|
| 1–2 | Hatua ya 1 na 2 tu, bila kufyatua. Kisha mara 10 | Hakuna |
| 3–4 | Hatua zote 7, mara 20 | Risasi 20, mita 7 |
| 5–6 | Mara 30, tano za mwisho kwa mkono mmoja | Risasi 30, mita 10, na zoezi la woga |
| 7 | Mara 30, ukitaja kilengeo kilipokuwa | Risasi 30, mita 10 |
| 8 | Mara 20 | Jaribio: risasi 60 kwa dakika 75 |

Kama leseni au mfuko hauruhusu risasi hizo, punguza safu ya kulia na uache ya makavu kama ilivyo. Jaribio la wiki ya 8 unaweza kulifanya kavu: simama dakika 75, fyatua mara 60, andika kila moja.

Andika wapi? Kwenye daftari la kawaida la shule. Kila siku: tarehe, hali ya hewa, toleo la risasi, idadi iliyopigwa na maganda yaliyorudi, na kwa kila mlio neno moja: *sawa*, *nyakua*, *pumzi*, *jicho*. Daftari hilo pia ni ushahidi wako siku afisa akiuliza risasi zako zimekwenda wapi.

Orodha ya kutiki kabla ya kutoka nyumbani

- ☐ Leseni halisi na ruhusa ya uwanja
- ☐ Bastola tupu, ndani ya kasha lililofungwa
- ☐ Risasi kwenye boksi lake, zimetengwa na bastola
- ☐ Miwani na vizibo vya masikio
- ☐ Kopo la risasi zilizogoma
- ☐ Sabuni, maji, shati la kubadilisha
- ☐ Daftari na kalamu
- ☐ Sina pombe, usingizi wala hasira

Na ya kurudi

- ☐ Chemba na magazini ni tupu, nimekagua mara mbili
- ☐ Maganda yamelingana na hesabu
- ☐ Bastola imefungwa kasha moja, risasi jingine, funguo ninazo mimi

Wahenga walisema mazoea hujenga tabia, nao hawakusema tabia nzuri. Milio 30 ya haraka haraka kila siku nayo hujenga, ila inajenga kunyakua. Kwa hiyo usipime maendeleo yako kwa kishindo wala kwa risasi ulizomaliza. Mwisho wa wiki ya nane fungua daftari. Wiki ya kwanza itakuwa na maneno ya kila aina, na ya mwisho itakuwa inachosha kusoma: *sawa, sawa, jicho, sawa, sawa, sawa.* Ukifika hapo umeshajaza risasi kwa mkono wako mwenyewe, bila baruti wala mashine, na hakuna sheria uliyovunja.